Bima ya elimu ina afueni ya ushuru, lakini Turkana ni nani anayeipata?

Kijana akiajiriwa Lodwar, habari haifichiki. Kabla ya mshahara wa pili kuingia, nyumbani washapiga simu kuuliza karo ya mdogo wake, na ajenti wa bima ashamketisha kwenye kibanda cha chai akimfungulia karatasi za rangi. Maneno ni yale yale: weka 4,000 kila mwezi kwa miaka 10, mtoto atasoma hadi chuo, na juu ya hayo serikali inakurudishia asilimia 15.

Hilo la mwisho ni kweli. Ila ni kweli kwa watu fulani tu, na kwa masharti ambayo ajenti hana haraka ya kuyataja. Kama wewe ni mwalimu mpya Kanamkemer, muuguzi Kakuma au karani wa kaunti, hebu tupige hesabu pamoja kabla hujatia sahihi. Na kama huna hati ya mshahara kabisa, soma pia, kwa sababu kuna jambo hapa linalokuhusu zaidi.

Sheria inasema nini

Kenya haina akaunti maalumu ya kuweka akiba ya chuo yenye nafuu ya ushuru. Kitu kilicho karibu zaidi ni kile kinachoitwa afueni ya bima katika Sheria ya Ushuru wa Mapato. Ukilipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu, unapunguziwa ushuru kwa asilimia 15 ya kile ulicholipa. Kikomo ni Sh5,000 kwa mwezi, yaani Sh60,000 kwa mwaka.

Kwa bima ya elimu kuna sharti moja kubwa: lazima iwe ya kukomaa baada ya miaka 10 au zaidi. Ile ya miaka 5 au 7, hata iwe na jina zuri namna gani na picha ya mtoto aliyevaa joho la mahafali, haikupi afueni ya elimu.

Sharti jingine linahusu maisha yanayokatiwa bima. Sheria inataja maisha yako mwenyewe, ya mke au mume wako, au ya mtoto wako. Hapa Turkana hilo si jambo dogo. Vijana wengi wanaoajiriwa hawana watoto bado. Wanasomesha wadogo zao na watoto wa dada zao. Ukiwa katika hali hiyo, bima iandikwe kwa maisha yako wewe, kisha mdogo wako awe mnufaika. Muulize ajenti jambo hili waziwazi, na ujibiwe kwa maandishi.

Na usiende ofisi za kaunti pale Lodwar kuulizia afueni hii. Katiba, kifungu cha 209, imeiachia serikali ya kitaifa ushuru wa mapato. Kaunti inaweza kutoza ushuru wa mali na wa burudani, na inaweza kutoa basari, lakini haiwezi kukupunguzia hata shilingi moja ya ushuru wa mshahara. Mlango wa afueni ni mwajiri wako na KRA.

Hesabu ya 4,000

Tuchukue mtu ambaye mshahara wake unaotozwa ushuru, baada ya kukatwa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, ni Sh30,000 kwa mwezi. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Sh6,000 zinazobaki hutozwa asilimia 25, ambayo ni 1,500. Jumla ni 3,900. Kila mkazi anayelipa ushuru ana afueni ya kibinafsi ya 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo anabaki kudaiwa Sh1,500.

Akilipia bima ya elimu Sh4,000 kwa mwezi, afueni yake ni asilimia 15 ya 4,000, yaani 600. Ushuru unashuka kutoka 1,500 hadi 900. Kwa mwaka ameokoa 7,200. Kwa miaka 10 atakuwa amelipa bima 480,000 na kuokoa ushuru wa 72,000. Si pesa za kuchezea. Mpango wa kufadhili vyuo vya kiufundi uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria gharama ya masomo ya mwaka mmoja kuwa Sh67,189, kwa hivyo afueni peke yake ingetosha mwaka mzima wa TVET kwa bei hiyo.

Sasa tushuke ngazi moja. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi aliyeanza kwa Sh20,000 kwa mwezi halipi PAYE hata kidogo. Ushuru wake ni 2,000, na afueni ya kibinafsi ya 2,400 inaumeza wote. Akikatiwa bima ya elimu, anapunguziwa nini? Hakuna. Afueni hupunguza ushuru uliopo, haileti pesa mfukoni mwa asiyetozwa. Kwa hivyo ajenti akimwambia mwanagenzi kwamba serikali itamrudishia asilimia 15, anamwambia kitu ambacho hakitatokea.

Tupande juu kabisa. Ili mtu afikie kikomo cha 5,000 kwa mwezi, anahitaji kulipia bima zaidi ya Sh33,000 kila mwezi. Huyo ni nani Lodwar? Labda mkurugenzi, labda meneja wa shirika kubwa Kakuma. Mwenye nacho huongezewa. Ndivyo afueni za ushuru zilivyo kila mahali.

Asilimia 15 si riba

Hapa ndipo vijana wengi wanapotatizika. Wanasikia asilimia 15, wanakumbuka kwamba benki inatoa chini ya hapo, wanaona wamepata dili. Hapana. Riba ya benki huhesabiwa kila mwaka juu ya pesa zako zote zilizolala pale. Afueni hii hutolewa mara moja tu kwa kila shilingi unayoweka. Shilingi uliyoweka mwaka wa kwanza inakaa miaka 10 na haipati afueni tena.

Tuseme baada ya miaka 10 kampuni inakurudishia 480,000 zako bila nyongeza yoyote. Kwa kuwa afueni ilifanya kila 4,000 ikugharimu 3,400 tu, umepata faida inayolingana na asilimia 3 na kidogo kwa mwaka. Ndiyo nguvu halisi ya asilimia 15. Bei ya unga ikipanda kwa kasi kuliko hapo, pesa zako zimepungua nguvu.

Njia nzuri ya kupima ni hii. Chukua 3,400, ambayo ndiyo bima inakugharimu kweli baada ya afueni, kisha jiulize ingekuwaje ukiiweka kwingine. Kwa mfano, ikiwekwa kila mwezi mahali panapokupa asilimia 8 kwa mwaka baada ya makato, katika miaka 10 ingefika karibu Sh622,000. Kumbuka riba ya benki na ya mifuko ya soko la fedha hukatwa ushuru wa asilimia 15 kabla haijakufikia, kwa hivyo tumia kiwango kinachobaki. Halafu muulize ajenti: kiasi mnachonihakikishia miaka 10 ikiisha ni ngapi? Si kile mnachokisia, kile mnachohakikisha. Kama ni 540,000, basi tofauti ya 82,000 ndiyo unayolipia ulinzi wa bima.

Na ulinzi huo una thamani. Ukifariki au ukilemazwa mwaka wa tatu, bima nyingi za elimu huendelea bila wewe kulipa, na mtoto hupata pesa zilizoahidiwa. Akaunti ya akiba haifanyi hivyo; ina kile tu ulichoweka. Kwa mtu anayetegemewa na nyumba nzima, na anayesafiri kila mara kati ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, ulinzi wa aina hiyo si anasa. Muhimu ni ujue unanunua nini na kwa bei gani.

Ukiacha njiani

Miaka 10 ni mingi. Kazi za mashirika Kakuma zina mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na mfadhili akipunguza pesa, watu huenda nyumbani. Mwalimu anaweza kuhamishwa. Mkopo wa pikipiki au wa nyumba ukiingia kwenye hati ya mshahara, nafasi inaisha, maana Sheria ya Ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Bima inasimama yenyewe, mara nyingine mwenyewe hana habari.

Ukivunja bima katika miaka ya mwanzo, mara nyingi unarudishiwa kidogo sana kuliko ulichoweka, au hurudishiwi kitu. Gharama za kampuni na kamisheni ya ajenti huliwa mapema. Juu ya hasara hiyo kuna ya pili ambayo wengi hawaijui: sheria inaitaka kampuni ikate afueni yote uliyokuwa umepewa kutoka kwenye pesa zako za kuvunjia, na kuipeleka KRA.

Kwa mfano wetu, ukiacha baada ya miaka 3 utakuwa umeweka 144,000 na kupata afueni ya 21,600. Kile kidogo ambacho kampuni ingekupa kinaanza kwanza kulipa hizo 21,600. Kwa maneno mengine, afueni unayoiona kwenye hati yako ya mshahara kila mwezi ni yako kabisa siku bima inapokomaa. Kabla ya hapo ni kama umeazimwa.

Kwa sababu hiyo, kama mkataba wako wa kazi unaisha Desemba na hujui Januari itakuwaje, kuanza na kiasi kidogo unachoweza kukilipa hata ukiwa bila kazi kwa miezi kadhaa ni busara kuliko kuanza na kikubwa ili upate afueni kubwa.

Walio nje ya uzio

Tembea kutoka soko la mbuzi la Lodwar, panda gari ukafika Kakuma, kilomita kama 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Hesabu watu utakaokutana nao wenye hati ya mshahara. Wachache. Utapata wafugaji, wachoma makaa, akina mama wa kusuka vikapu vya ukoma, vijana wa bodaboda, wenye maduka. Hawa nao wana watoto wa kupeleka chuo. Afueni ya bima haiwafikii.

Mwenye duka anastahili kutajwa peke yake. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kambi ya Kakuma na mji wake ni soko la takriban dola milioni 56 kwa mwaka, lenye maduka zaidi ya 2,000. Biashara inayouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Ushuru huo ni wa mwisho: hupigwa juu ya mauzo yote na hauna pa kupunguzia gharama wala bima. Mfanyabiashara anaweza kulipa ushuru mwingi kuliko mwalimu wetu wa 30,000, akalipia bima ile ile ya elimu, na asipate afueni hata ya shilingi. Anayetaka afueni inabidi aombe KRA imtoe kwenye ushuru wa mauzo na aanze kutunza vitabu vya hesabu kwa ushuru wa kawaida wa mapato. Kwa duka dogo, hiyo ni kazi kubwa kuliko faida.

Vipi mkimbizi? Sheria inasema mkazi, haisemi raia. Mkimbizi mwenye namba ya KRA na kazi inayokatwa PAYE ana haki ya afueni kama Mkenya yeyote. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilipanua nafasi ya kufanya kazi. Lakini wengi wanaofanya kazi kwenye mashirika kambini hulipwa posho ndogo isiyofika kiwango cha kutozwa ushuru, kwa hivyo haki ipo kwenye karatasi tu.

Serikali si kwamba haijui kumsaidia asiye na mshahara. Mwaka 2015 ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, ukianzia hapa Turkana na Wajir, ambapo serikali ililipia bima ya baadhi ya mifugo ya kaya zilizochaguliwa. Hakuna mfugaji aliyeulizwa hati ya mshahara. Ukame ukiua majani, setilaiti inaona, malipo yanatoka. Kama serikali inaweza kumlipia mfugaji bima ya ng'ombe, inaweza pia kuongezea kitu kwenye akiba ya elimu anayoiweka kwa simu. Huo ni uamuzi wa Bunge, na vijana wanaotoa maoni kila Mswada wa Fedha unapochapishwa wanaweza kuupigania. Wengi hujitokeza kupinga ushuru mpya. Wachache huuliza afueni zilizopo zinamfikia nani.

Binamu wa Marekani

Kakuma ina watu wake ng'ambo. Vijana zaidi ya 3,000 wa Sudan Kusini walioishi kambini walihamishiwa Marekani kuanzia miaka ya 2000 na 2001, na wengine wengi wamefuata. Leo wanaishi miji kama Omaha na Sioux Falls, na baadhi yao huwaambia jamaa zao huku kuhusu mpango wa 529, akaunti ya akiba ya chuo iliyopata jina kutokana na kifungu cha sheria ya ushuru cha mwaka 1996.

Kule, pesa zikikua ndani ya akaunti hazitozwi ushuru wa serikali kuu zikitumika kwa masomo. Juu ya hapo, majimbo zaidi ya 30 huongeza nafuu yao. Nebraska humruhusu mwekaji kuondoa hadi dola 10,000 kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa. Indiana hupunguza ushuru wenyewe kwa asilimia 20 ya ulichoweka, kikomo kikiwa dola 1,500. Ni mtindo ule ule wa Kenya, isipokuwa kule si lazima ununue bima. Lakini aliye Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, hapati nafuu ya jimbo kwa sababu jimbo lake halitozi ushuru wa mapato. Tena ni kanuni ile ile: pasipo ushuru, hapana afueni.

Kwa hivyo usimlaumu binamu yako akisema hawezi kutoa pesa za 529 kukulipia karo Lodwar. Mnufaika anahitaji namba ya utambulisho ya Marekani, na chuo lazima kiwe kwenye orodha inayotambuliwa na serikali ya huko. Akitoa kwa matumizi mengine, faida iliyokua inatozwa ushuru na faini ya asilimia 10. Pesa anazokutumia hutoka kwenye mshahara uliokwisha kukatwa, bila nafuu yoyote. Zithamini.

Bila hati ya mshahara ufanye nini?

Kuna njia, ingawa hakuna hata moja inayoleta afueni ya ushuru. Sacco ina nidhamu ya kila mwezi na inakupa mkopo wa karo kwa kutegemea akiba yako. Chama cha watu mnaoaminiana kinaweza kuamua kwamba kila Januari pesa ni za karo pekee. Basari za kaunti na za NG-CDF zipo, lakini huenda kwa aliyejaza fomu kwa wakati, na HELB hutoa mikopo ya wanafunzi wa vyuo.

Mifugo nayo ni akiba ya wazee wetu, na ina mantiki yake: inazaa. Shida ni kwamba ukame hupunguza idadi na bei kwa wakati mmoja. Misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 iliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Mzee aliyepanga kuuza mbuzi ili mtoto aingie chuo alikuta hana mbuzi. Kijana uliyesoma unaweza kumshauri auze wachache mapema, bei ikiwa nzuri, na pesa ziwekwe kwa jina la mtoto. Utabishana naye, bila shaka. Bishana kwa heshima.

Kabla ya kutia sahihi

Ukiamua bima ya elimu inakufaa, fanya haya:

1. Angalia hati yako ya mshahara. Kama mstari wa PAYE ni sifuri, sahau habari ya asilimia 15 na upime bima kwa faida zake nyingine.

2. Hakikisha muda ni miaka 10 au zaidi, na jina la anayekatiwa bima ni lako, la mwenzi wako au la mtoto wako.

3. Uliza kiasi kinachohakikishwa, na jedwali la pesa utakazorudishiwa ukivunja mwaka wa 1, wa 3 na wa 5. Ajenti akikwepa, ondoka.

4. Thibitisha kwamba kampuni na ajenti wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Lipa kwa kampuni moja kwa moja, usimpe ajenti pesa mkononi.

5. Peleka cheti cha bima kwa ofisi ya mishahara. Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri aweke afueni zote zinazokustahili anapokata PAYE. Asipofanya hivyo, idai mwenyewe kwenye ritani ya iTax kabla ya Juni 30.

6. Weka kando malipo ya miezi mitatu kabla ya kuanza. Mkataba wa kazi ukikatika, hizo ndizo zitakazoizuia bima isife wakati unatafuta kazi nyingine.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kimekuwa Lodwar tangu 2017, na KMTC ina kampasi papo hapo. Siku hizi mtoto wa hapa hahitaji kuvuka hadi Kitale au Kakamega ndipo asome. Umbali umepungua; kilichobaki ni karo. Kwa mwenye mshahara, KRA iko tayari kuchangia 15 katika kila 100, akivumilia miaka 10. Kwa mwenzake anayechunga mbuzi Loima, hakuna anayechangia. Wakati mwingine Mswada wa Fedha ukija, hilo ndilo swali la kumuuliza mbunge wako.